Nyuso za Bi Nyamizi

Kila Jumanne saa tatu asubuhi, wagonjwa kumi na wawili waliketi kwa mstari katika ukumbi wa Hospitali ya Nurupili mjini Tabora, na mikono kumi na miwili ya chuma ikashuka kutoka darini kuwafungua macho. Mikono hiyo iliitwa pasuzi. Wiki moja kabla, pasuzi hizohizo zilikuwa zimewatoa mtoto wa jicho kwa dakika nne tu na kuwawekea lenzi mpya. Sasa zilibandua plasta polepole, na ukumbi ukalipuka. Huyu alicheka, yule alisoma kwa sauti maandishi ya mlangoni, na mzee mmoja alimtazama mkewe kuanzia utosini hadi unyayoni akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Mkewe akamzaba kofi la mapenzi.

Mhandisi Yasini Mpuya hakukosa Jumanne hata moja. Alisimama nyuma ya ukumbi, mikono mfukoni, akijifanya amepita tu. Hakuna aliyedanganyika. Lenzi zile alizibuni yeye, na aliyepika chakula kitamu hupenda kuwachungulia wanaokula.

Ziliitwa lenzi-jazi, na sababu ya kuwapo kwake ilikuwa kisukari. Kwa mtu asiye na ugonjwa huo, kutoa mtoto wa jicho ni sawa na kufuta kioo cha dirisha kilichoingia ukungu. Kwa mwenye kisukari, unaweza kufuta kioo kikang'aa na bado asione vizuri, maana sukari imekwisha kuharibu vishipa vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Vishipa huvuja, retina huvimba, na mara nyingine upasuaji wenyewe huchochea uvimbe huo. Kwa miaka mingi wagonjwa wa namna hii walirudi nyumbani na nusu ya tumaini walilokuja nalo.

Lenzi-jazi iliisikiliza retina kama mwalimu anayesahihisha imla. Palipo na jibu, ilinyamaza. Palipo na pengo, ilijaza. Ndani yake mlikuwa na hazina ya kumbukumbu, ndogo kuliko punje ya ulezi, na kwa siku arobaini za mwanzo ilijifunza kila alichokitazama mgonjwa: mlango wake, sahani zake, watu wake. Baada ya hapo, retina ikishindwa kuona pua ya jirani, lenzi iliichukua pua hiyo hazinani na kuipeleka moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu. Mgonjwa hakuona kiraka. Aliona jirani.

Wagonjwa mia nne na kumi na watatu wenye kisukari walikuwa wamewekewa lenzi hizo, na wote walisoma ubao wa herufi hadi mstari wa mwisho. Wote! Mtu mwenye wasiwasi angejiuliza. Yasini hakuwa mtu mwenye wasiwasi.

Jumanne hiyo, kabla vicheko havijaisha, roboti karani alimjia na habari kwamba mapokezini kuna mwanamke aliyekataa kuonana na daktari. Alimtaka aliyezitengeneza lenzi.

Mwanamke huyo aliitwa Mwasiti, mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na sura ya mtu aliyejifunza maneno yake njiani na sasa ameyasahau.

"Shikamoo, mhandisi."

"Marahaba, dada. Karibu."

"Mama yangu anafuata wanaume," alisema huku akitazama sakafu.

Yasini alimvutia kiti. Mwasiti akaketi, akasimulia. Mama yake, Bi Nyamizi, alikuwa ametoka eda wiki tatu zilizopita. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani kwa utulivu, akimlilia mumewe. Siku ya kwanza kutoka walikwenda sokoni.

"Mama akamwita muuza vitunguu Kashindi. Kashindi ni mdogo wake wa kike, yuko nyumbani. Nikacheka. Tukafika kwa muuza dagaa, mama akamwita naye Kashindi. Hapo sikucheka tena. Halafu akamwona mwanaume mmoja, mpakiaji wa mizigo, akamfuata mpaka stesheni ya treni-sumaku. Akasimama mbele yake, anamtazama tu, anatabasamu. Kesho yake akamfuata mwingine. Keshokutwa mwingine. Mtaani wanasema eda ilikuwa inamchelewesha."

"Madaktari wamempima?"

"Mara mbili. Wanasema ana macho ya msichana. Kwa hiyo shangazi zangu wanataka tumuoze upesi, kabla hajatumaliza kwa aibu. Ila mimi namjua mama yangu. Huyu si mama."

Bi Nyamizi alikuwa akisubiri katika chumba cha vipimo, mwanamke wa miaka sitini na mbili, amejitanda khanga vizuri, mikono juu ya mapaja. Yasini alipofungua mlango aliinua kichwa, na uso wake ukachanua. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama Yasini namna ile, hata mkewe siku ya harusi, na siku hiyo mkewe alikuwa amejitahidi sana.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bi Nyamizi akafumba macho. "Marahaba, mwanangu."

Yasini alinyamaza ili aandae vifaa vyake. Macho yakafumbuka, yakamtulia usoni. Akauliza kama alikuwa amekunywa chai. Macho yakafumba. Alinyamaza tena, yakafumbuka. Alifanya hivyo mara ya tatu kwa makusudi, na macho yakafanya vilevile.

Alichukua kisoma-jicho, kifaa cha ukubwa wa kijiko, akakielekeza kwenye jicho la kulia. Hakusoma kipimo cha herufi. Alifungua ukurasa ambao madaktari hawakuwa na ruhusa ya kuufungua, na hapo akakuta namba aliyoipa jina la ujazo, yaani sehemu ya mwono iliyotoka kwenye lenzi wala si kwenye jicho. Jicho la kulia, sabini na moja kwa mia. Jicho la kushoto, thelathini na nane.

Yasini akaketi bila kutafuta kiti kilipo, na kwa bahati kiti kilikuwepo.

Namba hiyo aliificha yeye mwenyewe. Katika majaribio ya kwanza, wagonjwa walioambiwa ujazo wao walianza kutilia shaka kila kitu. Mmoja alikuwa hawaitiki wanawe mpaka awapapase kwanza. Yasini akaamua kwamba namba ikae kimya. Wagonjwa wakatulia, na madaktari wakabaki na ubao wa herufi, ubao ambao lenzi ilikuwa imekwisha kuukariri siku ya kwanza. Alikuwa ameziba kinywa cha mjumbe. Tangu zamani, mwenye kisukari alijua retina yake inakufa kwa sababu aliona kiza kinaingia, akakimbilia hospitali. Mgonjwa wa lenzi-jazi haingiwi na kiza. Anaendelea kuona vizuri mpaka hana kitu cha kuonea.

Na Bi Nyamizi, kwa kuwa aliona vizuri, alikuwa ameamini kwamba ugonjwa umeondoka. Alirudia chai ya sukari na maandazi. Tone la damu walilompima asubuhi hiyo lilionyesha sukari ya kumi na nane, karibu mara tatu ya kawaida.

Yasini akafungua hazina. Kwa mgonjwa wa kawaida, siku arobaini huacha mamia ya nyuso: majirani, abiria, waumini, wauza karanga. Ujazo ukizidi, lenzi hubaki na dalili moja tu, kama ni mwanaume au mwanamke, ikatwaa uso wowote wa namna hiyo, lakini angalau ina wingi wa kuchagua. Ya Bi Nyamizi ilikuwa na nyuso tano. Nne zilikuwa za wanawake. Ya tano ilikuwa ya mwanaume aliyevaa kofia ya kiua, ameangalia mbele, mdomo umefumba, anatabasamu kidogo. Kwenye shavu lake la kushoto kulikuwa na mng'ao mweupe, kama wa taa iliyopiga kwenye kioo.

Alimwita Mwasiti ukumbini, akamwonyesha.

"Huyu ni nani?"

Mwasiti alishika mdomo. "Baba. Hiyo ni picha yetu ya ukutani."

Kidogo kidogo mambo yakajipanga, na kila lililojipanga lilimuumiza Yasini. Mzee Idrisa alifariki siku ya tatu baada ya mkewe kupasuliwa, plasta zikiwa bado machoni. Matanga yalipoanuliwa na wageni kutawanyika, muuguzi alikuja nyumbani kuzibandua, na lenzi ikaanza siku zake arobaini za kujifunza. Bi Nyamizi alikuwa edani. Kwa desturi ya ukoo wao, mwanamke wa eda hukaa chumba cha ndani na wanaume hawaingii. Alimwona Mwasiti, Kashindi, jirani mmoja, na bibi wa makamo aliyekuwa akimwongoza katika eda. Na alimtazama mumewe ukutani, asubuhi, mchana na jioni.

"Lakini roboti yetu ilipiga simu," Yasini alisema. "Inaipigia kila familia kuuliza kama mgonjwa anaona watu kila siku."

"Ilipiga. Nikajibu ndiyo. Si uongo, kila siku aliona watu."

"Walewale."

"Hawakuuliza kama ni walewale."

Swali lile alikuwa ameliandika Yasini. Bibi yake mzaa baba alikaa eda katika nyumba aliyokulia, chumba cha pili kutoka chake, na kwa miezi minne Yasini alikuwa akipitishia sahani ya wali mlangoni bila kuona mkono unaoipokea. Hilo halikumjia akilini hata kidogo siku alipokuwa akiandika maswali.

Walirudi pamoja katika chumba cha vipimo. Yasini alieleza kila kitu, polepole, bila kujitetea. Bi Nyamizi alisikiliza macho yakiwa yamefumba, na alipomaliza hakuonekana kushangaa.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Mimi si mwendawazimu. Nimemzika Idrisa, najua alipo. Nikitoka nje nakuta wanaume wote ni yeye. Dereva yeye, polisi yeye, mhubiri wa kwenye kona yeye. Wanasema maneno na mdomo umefumba. Wanakasirika wanatabasamu. Siku moja nimeona wawili wanapigana, Idrisa anampiga Idrisa, wote wanatabasamu."

"Mama!" Mwasiti alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangemtoa."

"Mficha maradhi, mama..."

"Kifo humuumbua. Nimekufundisha mimi methali hiyo, usinirudishie."

Yasini alimweleza lililobaki. Jicho la kulia lilikuwa limechelewa. Labda ungeokolewa ukingo wake tu. La kushoto lingeweza kutibiwa, uvimbe ukapungua na vishipa vikazibwa, kama wangeanza leo. Wakisubiri mwezi, hapatakuwa na cha kutibu. Na sharti lilikuwa moja: lenzi zote mbili zinyamazishwe kabisa na hazina zake zifutwe, kwa sababu mshipa wa fahamu unaozoea kuisikiliza lenzi huacha kuisikiliza retina, na retina isiyosikilizwa haiponi.

"Nikikubali nitaona nini?"

"Leo utaona ukungu. Baada ya miezi kadhaa, kwa jicho la kushoto, utaona njia, utaona sufuria, utamwona Mwasiti akiwa karibu."

"Na nikikataa?"

"Utaona vizuri, mama. Utaona vizuri mpaka mwisho. Ila siku moja utavuka barabara iliyo tupu, na haitakuwa tupu."

Bi Nyamizi akamwomba mwanawe atoke. Mwasiti alisita, akatoka, na mlango ukajifunga.

"Mwanangu," alisema Bi Nyamizi, "nina ombi. Kaa hapo mbele yangu. Usiseme neno. Ukisema, unaniharibia."

Yasini akasogeza kiti, akaketi. Bi Nyamizi akafumbua macho. Yasini alijua sasa ni uso gani anaouvaa, na ilimjia hofu ya kitoto kwamba akijipapasa atakuta kioo. Hakujipapasa. Alijizuia hata kukohoa.

"Idrisa," alisema Bi Nyamizi. "Nimekaa nawe miaka thelathini na tisa. Miwili ya mwisho nilikuona kama moshi. Nikaenda kukatwa macho ili nikuone, na wewe ukaenda zako mimi nina plasta usoni. Hata maiti yako nimeipapasa tu."

Alivuta khanga, akaikaza.

"Halafu nikakukuta sokoni. Nikasema Mungu amenilipa. Nikakufuata. Nikasogea, ukatabasamu. Nikakuita, ukanijibu kwa sauti ya mtoto wa watu, 'Vipi, mama, umepotea?' Nikasema labda si huyu, ni yule. Nikamfuata yule. Nimewatazama wanaume mia, Idrisa. Wote wana uso wako, na hakuna hata mmoja aliyenijua. Wewe ungenijua gizani. Wewe ungenijua kwa kikohozi." Sauti yake ikavunjika. "Nimechoka kutazamwa na wewe usiyenijua. Inatisha. Nalala naogopa uso nilioupenda."

Yasini alikuwa akilia. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kola, na alikaza meno ili asitoe sauti. Bi Nyamizi hakuliona hilo. Mbele yake aliketi mumewe, ametulia, anatabasamu kidogo, na mng'ao wa kioo shavuni.

"Haya," alisema. "Buriani, mume wangu." Akafumba macho. "Wewe mhandisi, izime."

Yasini alinyanyua kisoma-jicho. Alibonyeza mara mbili, kulia na kushoto. Lenzi hazikutoa mlio wowote. Hakuwahi kuzitengenezea mlio.

Bi Nyamizi alifumbua macho, akapepesa. Alinyoosha mkono mbele, akaurudisha.

"Moshi," alisema. "Uleule wa zamani." Alikaa akiuzoea, kichwa kimeinama upande. "Kuna mtu ndani yake. Sura siioni. Ila mabega yanamtikisika." Akasogeza kichwa mbele. "Wewe! Kumbe unalia, mwanangu?"

"Nisamehe, mama."

"Sasa sauti na mtu vimekuwa kitu kimoja," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo aliongea na Yasini bila kufumba macho. "Pole. Futa machozi. Wako wangapi wengine?"

"Mia nne na kumi na wawili."

"Wote wanaona vizuri?"

"Wote."

"Utawaambiaje?"

"Nitawapigia simu mmoja mmoja. Niwaambie warudi, wana hatari ya upofu."

Bi Nyamizi alicheka, kicheko kikavu. "Watakuambia wanaona mpaka sisimizi ukutani. Mimi ningekujibu hivyohivyo na simu ningekukatia. Niitie Mwasiti anishike mkono, kisha nipe hiyo simu yako."

Pasuzi ya matibabu ingekuwa tayari baada ya saa moja. Yasini alifungua orodha ya ujazo, akaipanga kutoka juu kwenda chini, na akapiga jina la kwanza: Lugendo, fundi cherehani wa Urambo, themanini na tatu kwa mia. Ilikuwa simu ya sauti tu. Mwasiti aliishikilia karibu na mdomo wa mama yake.

"Hujambo, baba?" alisema Bi Nyamizi. "Mimi ni mgonjwa mwenzako wa macho, nipo hapa Nurupili. Lenzi zinaendeleaje?"

"Sijambo, mama! Zinaendelea vizuri mno! Natunga uzi kwenye sindano kama kijana."

"Tunamshukuru Mungu. Nina swali moja tu, usinione mshamba. Kuna mtu unayemkuta kila mahali?"

Fundi Lugendo aliangua kicheko. "Umejuaje? Yupo! Mama mmoja muuza maziwa wa hapa kwetu. Nikienda kanisani namkuta, nikienda kisimani namkuta, juzi msibani nimemkuta viti vitatu mbalimbali. Nikasema huyu mama ana nini na mimi?" Alicheka tena, kisha kicheko kikapungua. "Hata sasa hivi yupo hapa dukani. Ameketi kwenye kiti cha mke wangu."

"Amevaa nini, baba?"

Walisikia cherehani ikisimama. Kisha walimsikia fundi akiita jina la mkewe, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, halafu kwa sauti ya mtu anayerudi nyuma kuelekea ukutani. Na sauti ya mwanamke ikajibu kutoka karibu kabisa, kwa mshangao:

"Mimi hapa, mume wangu. Mbona unaniita huku unanitazama?"